Kidonge Chekundu Alichopewa Minza

Nimestaafu mwezi uliopita. Walinipa kitenge, ndoo ya asali ya Inyonga, na hotuba iliyosomwa na kijana ambaye hatukuwahi kufanya kazi pamoja hata siku moja. Hotuba ilisema nimeinua lishe ya jamii. Jamii ninayoijua mimi inakula ugali na kinachopatikana, kama ilivyokula kabla sijaajiriwa, kwa hiyo sikujua nisimame nishukuru au nikae kimya. Nilikaa. Baadaye msichana aliyekabidhiwa meza yangu akaniomba nimwandikie kuhusu vitamini A, maana ndiyo kazi niliyoifanya muda mrefu kuliko nyingine zote. Namwandikia yeye, na wenzake wakitaka wasome. Vyeo na barua za kupandishwa daraja nimeziacha kwenye faili langu la kazi, huko hazimsumbui mtu.

Mimi ni mtoto wa duka. Baba alikuwa na kibanda sokoni Mpanda, akauza chumvi, sabuni, nguo za mitumba, na mawese yaliyokuja kwa madebe kutoka upande wa ziwa. Kazi yangu na mama ilikuwa kuyachoma. Unayaweka kwenye sufuria kubwa, unachochea moto mpaka yatoe moshi, wekundu unakufa na harufu inapungua, yanabaki meupe. Wateja wa mjini waliyapenda hivyo kwa sababu hayakupaka rangi kwenye wali, na mama alisifiwa mtaa mzima kwa mkono wake. Nilipokwenda kusomea uuguzi nikafundishwa kwamba ule wekundu ndio wenye vitamini A. Utoto wangu wote nilikuwa nachoma kitu ambacho serikali ingekuja kunilipa mshahara nikigawe kwenye vidonge. Nilimwambia mama. Akasema waliomfundisha mwalimu wangu hawajawahi kuuza mafuta.

Nilipangiwa zahanati moja nje ya mji, wakati huo bado tukihesabiwa mkoa wa Rukwa. Sitaitaja, ipo na ina watu wake. Niliyemkuta pale alikuwa Sista Tekla, Mfipa, muuguzi mkubwa kwa umri na mdogo kwa umbo, ambaye hakuwahi kupaza sauti kwa sababu hakuhitaji. Siku ya kwanza alinipa mkasi na kopo la vidonge vilivyopitwa na muda, akaniweka nyuma ya nyumba nijifunze kukata. Kile kidonge ni mfuko laini wa mafuta wenye chuchu mbele. Unakata chuchu tu, unaminya matone yote kwenye mdomo wa mtoto, ganda unalitupa kwenye ndoo. Hukati kwa meno. Humpi mtoto kidonge kizima akimeze, kitampalia. Mimi nilikata katikati, mafuta yakaingia kwenye mkono wa gauni mpaka kwapani. Sista Tekla akaniambia mkono wangu sasa utaona vizuri gizani, akaenda kunywa chai.

Kanuni alizonipa mnazijua, lakini naziandika maana kujua na kufuata ni vitu viwili. Cha bluu kwa mtoto wa miezi sita mpaka asiyefika mwaka. Chekundu, chenye nguvu mara mbili, kwa wa mwaka mmoja mpaka asiyefika mitano. Mara moja kila miezi sita, si zaidi, kwa hiyo kadi isomwe kabla mkasi haujashikwa. Mama akikwambia kadi imeliwa na mbuzi, uliza mtoto alipata matone lini, na uulize mara mbili. Siku zile kulikuwa na kanuni moja zaidi, ambayo baadaye iliondolewa: mama aliyejifungua apewe chekundu kimoja ndani ya wiki chache za kwanza, ili maziwa yake yawe nayo. Wiki chache, si zaidi, kwa sababu baada ya hapo anaweza kuwa ameshika mimba nyingine.

"Chumvi ukizidisha utaikojoa," alinieleza Sista Tekla. "Hii haikojolewi. Inakwenda kukaa kwenye ini, kama mahindi kwenye ghala. Mtoto akizidishiwa, kichwa kitamuuma, atatapika. Mwenye mimba changa akipewa nyingi, unamharibia aliye tumboni. Mwanamke yeyote muulize kwanza."

Niliitikia ndiyo. Miaka ya mwanzo niliuliza kweli.

Kilichoniharibu kilikuwa surua. Iliingia vijijini msimu mmoja, ikatukuta na watoto wengi ambao hawakuwa wamechanjwa wala kupata matone. Vitamini A haizuii surua, lakini mtoto mwenye akiba yake hupambana. Utando wa mapafu, wa tumbo na wa macho unashikilia. Asiye nayo hubomoka kote kwa pamoja. Kulikuwa na mtoto wa kiume wa miaka mitatu aliyeletwa amechelewa, kioo cha jicho kimekauka kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Tulimpa dozi ya matibabu, leo, kesho, na nyingine baada ya wiki mbili, kama tulivyoelekezwa. Akapona surua. Jicho la kushoto halikupona. Kwenye mkutano mmoja wa mjini, kati ya soda na posho, nilisikia mtu akiita hiyo "hali inayozuilika kwa gharama ndogo". Alisema kweli, na nilitamani kumpiga na chupa.

Tangu hapo nikawa mgawaji. Nilikwenda na mkoba kila kijiji, nikikata na kuminya, na mstari ulipokuwa mrefu sikutaka mtu yeyote arudi bila kupata. Nilisifiwa. Fomu zangu za kuhesabia zilijaa kuliko za mtu mwingine yeyote wilayani. Nilipokuwa kwenye hali hiyo ndipo Minza alipokuja.

Ilikuwa kijiji kimoja upande wa Litapunga, kwenye darasa la shule tulilopewa kwa siku hiyo. Familia nyingi pale zilikuwa za Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, boma kwa boma, kila boma lina wake wawili au watatu na watoto wasiohesabika kirahisi. Akaja mwanamke kijana amebeba kichanga cha wiki tatu, na kadi yenye jina la Holo. Nikamwita Holo, akaitika.

"Mwangaluka, mama. Mtoto ananyonya?"

"Ananyonya, nesi." Kisha akaniuliza, "Hii nyekundu ya mama, si ndiyo inafungua macho ya jioni?"

Nikamjibu ndiyo, na nilifurahi kwamba elimu yetu imefika. Wakati namwandikia, kichanga kikaanza kulia kwa njaa. Yule mwanamke akakipa kidole chake. Kikanyonya kidole, kikalia tena, akakipa kidole kingine. Hakufungua gauni. Niliona. Naandika tena ili msije mkasema nilipitiwa: niliona, na nikafikiri labda anaona haya mbele ya mwalimu aliyekuwa mlangoni. Nyuma yake kulikuwa na watu kama arobaini. Nikakata kidonge chekundu, nikamminyia mdomoni, nikaandika kwenye kadi kwamba mama amepewa.

Baada ya mwezi hivi, mama mwingine akaja zahanati kuchanjisha kichanga. Kadi ilikuwa ile ile, yenye mwandiko wangu. Kichanga kilikuwa kile kile, kimenenepa. Mama alikuwa mwingine, mnene, mchangamfu, na maziwa yamelowesha gauni lake.

"Wewe ni nani?" nikamuuliza.

"Holo."

"Aliyemleta mtoto siku ile shuleni?"

Wala hakujificha. "Minza, mke mwenzangu. Jua ikizama yeye alikuwa haoni kabisa. Anajikwaa kwenye mawe, anamwaga maziwa, mama mkwe anamwita mvivu. Mimi hiyo dawa niliipata kwa mtoto wa kwanza, naijua. Nikamwambia beba mtoto, beba kadi, kachukue ya kwangu."

"Minza ana mtoto mchanga?"

"Hana mtoto kabisa. Mimba zimetoka mbili." Akasogea karibu. "Lakini siku hizi anatapika asubuhi. Hajasema, na mimi sijamuuliza."

Nilimchanja mtoto wa Holo. Nakumbuka nilifanya vizuri. Kisha nikaenda chumba cha dawa, nikakaa juu ya katoni, na nikaogopa kama sijawahi kuogopa kazini.

Sista Tekla hakunigombeza. Alinituma mjini kwa daktari, ambaye alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika kalamu bila kuandika. Akaniambia dozi ile ikishaingia mwilini haiwezi kuondolewa tena. Hatari yake ni mwanzoni, wakati moyo, uso na masikio ya mtoto vinaumbwa. Wapo waliopewa hivyo wakazaa watoto wazima, na hakuna mtu wa kuniahidi kwamba huyu atakuwa mmoja wao. Asipewe nyingine, ahudhurie kliniki, ajifungulie hospitali. Basi.

"Sasa nimwambie?" nilimuuliza Sista Tekla jioni ile, nikitumaini atasema hapana.

"Mtoto akizaliwa na kasoro, pale bomani watauliza nani kamfanya hivi. Usiposema wewe, watamtaja mtu. Unamjua watakayemtaja."

Nilimjua. Mke mwenza mwenye watoto watatu, aliyempa mwenzake asiye na mtoto kichanga chake akakibebe. Kwenye maboma yetu mwanamke hufukuzwa kwa ushahidi mdogo kuliko huo.

Nilikwenda kwa baiskeli. Minza alikuwa anapepeta mahindi uani, akaniona kwa mbali akacheka.

"Nesi, sasa naona. Juzi nimefunga ndama mwenyewe, giza imeshaingia."

Hilo ndilo lililonishinda kuliko yote: kidonge kilikuwa kimefanya kazi yake vizuri kabisa. Nikamuuliza kama ana mimba. Akaacha kupepeta.

"Mkianza kuisema mapema, inatoka," akasema.

"Ya miezi mingapi?"

"Huu unaingia wa tatu."

Nikamweleza, polepole, maana Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na Kisukuma changu kilikuwa cha salamu. Alinisikiliza akiokota punje zilizoanguka.

"Kwa hiyo ile dawa ni mbaya."

"Dawa si mbaya. Kwako haikufaa, na nilikupa bila kukuuliza."

"Mimi nilikudanganya, nesi."

"Ulinidanganya. Mimi nalipwa ili nisidanganyike."

Hakulia. Aliuliza mtoto atakosa nini, nikamwambia huenda asikose kitu, sijui. Aliuliza nani anajua, nikamwambia mimi, Sista, daktari, na sasa lazima ajue mumewe. Hapo ndipo aliponishika mkono kunizuia. Nilimweleza kuhusu Holo. Akaniachia.

Mumewe aliitwa Nkwabi, mtu wa maneno machache. Alikaa na mama yake, Holo akasimama mlangoni na kichanga. Nilisema yote. Mama mkwe alimgeukia Holo kabla sijamaliza sentensi.

"Mtoto wako ndiye aliyebebwa?"

"Mama, niangalie mimi," nikamwambia. "Kidonge nimekitoa mimi kwa mkono wangu. Mtoto huyu akizaliwa na kasoro yoyote, mje zahanati kwangu. Holo asiguswe."

Nkwabi akanigeukia. "Umesema mbele ya watu."

"Nimesema. Na nimeandika kwenye kadi."

Akaitikia kwa kichwa. Ilikuwa ahadi, kwa pande zote mbili.

Nilikwenda pale kila baada ya wiki mbili mpaka mimba ilipokomaa, na nilijifunza chakula kwenye boma lile kuliko kwenye semina zote. Minza hakuwa amepofuka jioni kwa bahati mbaya. Ng'ombe walikuwepo, lakini kiangazi maziwa yalikuwa kidogo, watoto na wazee walitangulia. Ini, ng'ombe au mbuzi akichinjwa, lilikuwa la wanaume. Mboga za kiangazi zilikuwa nsansa, majani ya kunde waliyoyaanika juu ya bati jua kali siku nne, yakawa ya kahawia kama majani ya chai yaliyotumika. Kilichoyafanya kijani kilikuwa kimekwenda na jua, na vitamini ilifuatana nacho. Tuliwaonyesha kuyachemsha kidogo kwanza, kisha kuyaanika kivulini, chini ya paa la nyasi. Mama mkwe alisema yatanuka. Hayakunuka, na hakulirudia tena.

Nyuma ya boma kulikuwa na mipapai iliyoachiwa ndege, na maboga ambayo majani yake yalipewa mbuzi. Nilimwekea Minza utaratibu rahisi: matembele au majani ya maboga kila siku, na kijiko cha mafuta, maana bila mafuta mwili hauichukui vizuri. Mafuta yakiwa mawese mekundu ambayo hayajachomwa, vizuri zaidi. Niliyabeba mwenyewe kutoka dukani kwa baba, na mama yangu akanipimia akinung'unika kwamba nayapeleka mabichi kwa watu. Boga, papai, embe msimu wake. Katika hivyo hakuna kuzidisha: mwili unachukua kinachohitajika na kuacha kingine. Ukila sana utapata viganja vya njano, nayo itaondoka. Siku hizi mnavyo viazi vyenye nyama ya rangi ya chungwa, sisi hatukuwa navyo. Wakulima wa kwetu walivipokea wakisema ni vya majimaji, kisha nikaona wanavificha ili wawape wajukuu.

Siku moja nikamkuta Nkwabi amefunga mbuzi mlangoni. Alikuwa amesikia kwenye redio kwamba ini lina vitamini A kuliko chakula chochote, akaamua kuchinja kila wiki, ini lote apewe Minza. Nikawa muuguzi wa kwanza Litapunga kumkatalia mwanaume anayetaka kumpa mkewe ini. Nilimweleza kwamba ya kwenye ini ni sawa na ya kwenye kidonge, imeshakuwa tayari, nayo huzidi. Mtu mzima mwingine apate kipande mara moja moja, mwenye mimba ajihadhari, na Minza na mzigo aliokwisha kubebeshwa asiguse kabisa. Holo alicheka mpaka akakaa chini. Mbuzi alifunguliwa.

Miezi ile sikulala vizuri. Nilipokata vidonge niliuliza kila mwanamke maswali matatu, ulijifungua lini, mtoto yuko wapi, mwezi wako uliuona lini, na nikataka kumwona akinyonyesha. Mstari ulikwenda taratibu, watu wakalalamika, fomu zangu zikapungua nambari, na nikaitwa wilayani kueleza kwa nini utendaji umeshuka. Nilieleza. Waliandika "changamoto za kijiografia".

Minza alijifungulia mjini, mtoto wa kike. Nilifika asubuhi yake. Nilinawa mikono, nikaangalia masikio, moja kisha jingine, nikapitisha kidole kwenye kaakaa, nikahesabu vidole, nikamwomba daktari asikilize moyo mara ya pili. Hakukuwa na kasoro. Minza alikuwa ananiangalia tu. Yeye alikuwa ameshakagua usiku. Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi nikalia kwa sauti, mbele za watu. Sista Tekla, niliyekuja naye, alinipa leso, akaniambia nimalize mapema maana kesho yake tuna huduma ya mkoba vijijini.

Mtoto alipotimiza miezi sita, akaletwa shuleni pale pale kwa matone yake ya kwanza. Minza na Holo walikuja pamoja, kila mmoja na wake. Nilisoma kadi, nikachukua cha bluu, nikashika mkasi.

"Subiri, nesi," akasema Minza. "Hii ni ya nini?"

Nikamwambia.

"Kiasi gani?"

Nikamwambia ni nusu ya kile chekundu, na kwa nini.

"Na ikizidi anafanyaje? Na ya pili lini?"

Nilimjibu yote. Watu nyuma yake wakaanza kuguna, mmoja akasema huyu naye kaja kusomea udaktari. Minza hakugeuka.

"Sasa nikuulize moja ya kwangu. Mimi ulinijua kwa sababu Holo alikuja. Ukanifuata miezi yote, ukaniletea na mafuta. Wale wengine uliowapa, wenye mimba wamezificha, ambao hawana Holo wa kuja kusema. Hao uliwafuata?"

Kidonge kilikuwa mkononi, tayari nimekata.

"Hapana," nikasema. "Sikuwajua."

Alinitazama, wala si kwa hasira. Kisha akamgeuza mwanawe, akamminya mashavu taratibu mpaka mdomo ukafunguka.

"Haya," akasema, "mpe."